Mnywaji wa Wiski Bora Naye Aulizwe

Katika kliniki zetu za magonjwa yasiyoambukiza kuna swali moja ambalo huulizwa kwa namna mbili, na tofauti hiyo haitokani na ugonjwa bali na viatu vya mgonjwa. Akiingia fundi mwashi mwenye macho mekundu, huulizwa waziwazi anakunywa nini, kiasi gani na tangu lini; kabla hajamaliza kujibu ameshaanza kuonywa. Akiingia mhasibu au mkurugenzi mstaafu, shati limenyooshwa na manukato yanasikika, swali hupunguzwa makali: "Mzee wangu, pombe hutumii sana, sivyo?" Naye hujibu kwa tabasamu, "Kidogo tu, daktari, kwa kuonja." Kwenye jalada huandikwa kwamba hunywa mara chache, na mazungumzo huhamia kwenye chumvi.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mnywaji huyu wa pili, hasa yule ambaye siku hizi ameanza kuvutiwa na wiski za kimea kutoka Uskoti, anastahili kuulizwa swali lilelile kwa ukamilifu uleule. Sisemi hivyo kwa kumshuku ulevi. Wengi wa aina yake si walevi. Hufanya kazi, hulipa ada za watoto, na hawajawahi kulala mtaroni. Nasema hivyo kwa sababu kinywaji alichokichagua kimejengewa heshima kubwa kiasi cha kumficha machoni petu na, baya zaidi, kumficha machoni pake mwenyewe.

Kwanza tumtendee haki kwa kukielewa anachokipenda. Mhudumu asiyejua kinywaji cha mgonjwa wake hutoa ushauri usiosikika.

Wanywaji huiita "singo molti", na jina hilo huwapotosha hata wao. Wengi hudhani maana yake ni wiski iliyotokana na aina moja ya kimea au pipa moja. Sivyo. Kwa mujibu wa kanuni za wiski za Uskoti za mwaka 2009, ni wiski iliyotengenezwa katika kiwanda kimoja tu, kwa maji na shayiri iliyooteshwa kuwa kimea, pamoja na hamira ya kuchachusha. Ikishachachuka hukenekwa kwa mafungu katika mitungi mikubwa ya shaba, yaani huchemshwa na mvuke wake ukapozwa na kukusanywa. Kisha lazima ikae nchini Uskoti ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, na ikitiwa kwenye chupa isiwe na kileo chini ya asilimia 40. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya sukari iliyounguzwa, basi. Umri unaoandikwa kwenye chupa ni wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Kila mwaka takribani asilimia 2 ya kilichomo pipani hupotea hewani, na Waskoti husema hilo ni fungu la malaika.

Ni ufundi wa kweli, na mtu anayeanza kuutambua hapaswi kuchekwa. Mgeni katika wiski hizi kwa kawaida huanzia kwenye zile laini za bonde la mto Spey, ambazo hunukia tofaa na asali. Glenfiddich, iliyoanza kuuzwa kwa bidii nje ya Uskoti mwaka 1963 ikiwa singo molti wakati soko lilikuwa la wiski za mchanganyiko, ndiyo ambayo wengi hukutana nayo kwanza, hata katika maduka ya viwanja vyetu vya ndege. Baada ya miezi kadhaa rafiki humwonjesha wiski ya kisiwa cha Islay, mathalani Laphroaig au Ardbeg, naye hukunja uso kana kwamba amepewa dawa ya kuoshea sakafu ya wodi.

Na kwa kweli hajakosea. Kimea cha wiski hizo hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo mweusi wa mimea iliyooza kinamasini, unaochimbwa, kukaushwa na kuchomwa kama kuni. Moshi huo hubeba fenoli, kresoli na guayakoli. Kresoli ndiyo iliyokuwa msingi wa lisoli tuliyoizoea hospitalini. Fenoli nayo ndiyo ile asidi ya kaboliki ambayo Joseph Lister aliitumia Glasgow mwaka 1865 kufungia majeraha ya mifupa iliyovunjika na kutoboa ngozi, akawaonyesha madaktari wa dunia kwamba usaha si hatima ya kila kidonda. Sijui kisiwa kingine ambacho watu hulipa fedha nyingi ili kunywa harufu ya chumba cha upasuaji.

Uhusiano wa kinywaji hiki na taaluma yetu ni wa zamani kuliko huo. Kumbukumbu za hazina ya mfalme wa Uskoti za mwaka 1494 zinataja kimea alichopewa mtawa John Cor ili atengeneze "aqua vitae", yaani maji ya uhai kwa Kilatini. Kwa Kigaeli ni "uisge beatha", na neno wiski limetokana na hilo. Mwaka 1505 chama cha vinyozi na wapasuaji wa Edinburgh, ambacho ndicho asili ya chuo cha wapasuaji cha mji huo hadi leo, kilipewa haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza maji hayo mjini humo. Miaka zaidi ya mia nne baadaye, Marekani ilipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, madaktari waliruhusiwa kuandika wiski kwenye cheti cha dawa, na wengi waliandika kwa mikono miwili. Kwa hiyo mgonjwa anaposema kwamba glasi ya usiku "inafungua mishipa", hajaitoa fikra hiyo hewani. Sisi wenyewe, au waliotutangulia, tuliipanda.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo penye tatizo, na hapo ndipo wengi wetu hatufiki.

Safari ya mdadisi wa wiski ina tabia moja ambayo wauza vinywaji huijua vizuri: kadiri ladha yake inavyokomaa, ndivyo kileo kinavyopanda. Huanzia kwenye chupa za asilimia 40. Husoma, au huambiwa na wenzake, kwamba wiski ya asilimia 46 hubaki na mafuta mengi ya asili kwa sababu haikuhitaji kuchujwa ikiwa baridi, naye hupanda huko; Ardbeg ya miaka 10 ina asilimia 46. Kisha huzijua zile zinazotiwa chupani kama zilivyotoka pipani, bila kuongezwa maji, ambazo zinaweza kufika asilimia 60 au karibu yake. Yeye huhesabu kwamba ameendelea katika ujuzi. Ini lake halina habari za ujuzi huo.

Tuchukue chupa ya mililita 700. Ikiwa na asilimia 40, ndani yake mna mililita 280 za ethanoli tupu. Kwa kuwa mililita moja ya ethanoli ina uzito wa gramu 0.789, hizo ni gramu 221. Ikiwa na asilimia 46, ni gramu 254. Ikiwa na asilimia 60, ni gramu 331. Chupa ni za ukubwa uleule, rafu ni ileile, lakini ya tatu imezidi ya kwanza kwa nusu nzima. Uingereza, ambako kipimo kimoja ni mililita 10 za ethanoli, wakuu wa tiba walishauri mwaka 2016 kwamba mtu asiyetaka kujiongezea hatari asizidishe vipimo 14 kwa wiki, awe mwanamume au mwanamke, na avisambaze katika siku 3 au zaidi. Chupa ya asilimia 40 ina vipimo 28, kwa hiyo ni ya wiki 2 kamili. Ya asilimia 60 ina vipimo 42, ni ya wiki 3. Mgonjwa aliyeizoea ya kwanza akahamia ya pili bila kubadili kasi ya chupa, amejiongezea kileo kwa nusu bila kuongeza hata glasi moja.

Tena hatujafika kwenye glasi yenyewe. Baa hupima. Nyumbani nani anapima? Toti ya mililita 30 yenye asilimia 40 ina gramu 9.5 za ethanoli, kiasi kinachokaribiana sana na gramu 10 ambazo Shirika la Afya Duniani hulihesabu kuwa kinywaji kimoja. Lakini glasi pana ya sebuleni, chini ikiwa nzito na juu ikiwa imeangaza, hupokea mililita 75 bila kuonekana kuwa imejaa. Kwa jicho la mwenyeji mkarimu huonekana hata kama ni uchoyo. Mililita 75 za wiski ya asilimia 60 ni gramu 35.5. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Kwa maneno mengine, "glasi moja" ya mzee wetu ni zaidi ya bia moja na nusu, na glasi zake mbili za baada ya chakula ni gramu 71.

Namba hiyo ya 71 ina maana kubwa. Shirika la Afya Duniani huita unywaji wa gramu 60 au zaidi kwa mara moja kuwa ni unywaji mkubwa wa kupindukia, ule ambao vichwani mwetu tunauhusisha na vijana wa mwisho wa mwezi. Na dodoso lake la AUDIT, lenye maswali 10, ambalo wengi wetu tumefundishwa, lina swali la pili linalouliza idadi ya vinywaji katika siku ya kawaida ya kunywa. Anayejibu "kimoja au viwili" hupata alama 0. Mzee atasema viwili, na hatakuwa amedanganya. Mhudumu ataandika 0, naye hatakuwa amezembea kwa jinsi alivyofundishwa. Lakini kwa gramu, mzee amekunywa vinywaji 7, na alama yake ilipaswa kuwa 3. Dodoso halina kosa. Limeeleza wazi kwamba kinywaji ni kipimo cha gramu. Kosa ni la kuuliza habari za glasi.

Watetezi wa kinywaji hiki wana majibu, nami nimeyasikia mara nyingi vya kutosha kuyapanga kwa uzito. Jepesi kuliko yote ni kwamba wiski nzuri "haina kemikali". Fenoli nilizozitaja hapo juu ni nini basi? Lililo zito kidogo ni kwamba pombe iliyokaa miaka 18 pipani imetulia na haimchoshi mtu. Ni kweli kwamba kukaa pipani hubadilisha ladha, huondoa ukali fulani na huongeza vitu vinavyotoka kwenye mti. Ethanoli haibadiliki. Ikifika kwenye ini hugeuzwa asetaldehidi, ileile inayotokana na gongo, chang'aa au waragi, na ileile iliyotokana na viroba kabla Tanzania havijavipiga marufuku mwezi Machi 2017. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliweka vinywaji vya kileo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu tangu mwaka 1988, wala haukutenga rafu kwa ajili ya vilivyozeeka. Saratani zinazohusika ni pamoja na za kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Mhudumu wa Afrika Mashariki anapaswa kusimama hapo kwenye umio, kwa sababu ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kushuka hadi kusini mwa bara, unajulikana kwa wingi wa saratani hiyo, na wagonjwa hutufikia wakiwa hawamezi tena hata uji.

Jibu lililo zito kuliko mengine ni hili: kwamba madhara ya pombe huwaandama zaidi maskini, kwa hiyo tumwache mwenye nacho na tushughulike na wale. Jibu hili lina ukweli ndani yake, na ukweli huo umetoka Uskoti kwenyewe. Watafiti huko walipofuatilia watu waliokunywa kiasi kinacholingana, waliwakuta wa tabaka la chini wakiumia na kufa zaidi kutokana na pombe kuliko wa tabaka la juu. Lishe, sigara, makazi na umbali wa huduma huongeza mzigo. Lakini kuumia kidogo kuliko jirani si kutokuumia.

Tena Uskoti huohuo unatufundisha jambo jingine kuhusu mnywaji wa wiski ghali. Mwaka 2012 bunge lake lilipitisha sheria ya kuweka bei ya chini kwa kila kipimo cha kileo. Chama cha watengenezaji wa wiski kilikwenda mahakamani kuipinga, shauri likazunguka miaka mitano, hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoamua Novemba 2017 kwamba sheria ni halali. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2018 kwa peni 50 kwa kipimo, na Septemba 2024 ikapandishwa kuwa peni 65. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2023 ilikadiria kwamba vifo vitokanavyo moja kwa moja na pombe vilipungua kwa asilimia 13.4 kuliko ambavyo vingekuwa. Ni mafanikio makubwa, na nchi zetu zingeyaiga zingefanya vyema. Lakini piga hesabu ya chupa yenye vipimo 28 kwa peni 65: ni pauni 18 na peni 20. Singo molti nyingi zilikwishazidi bei hiyo kabla sheria haijatungwa. Sheria ilimgusa mnywaji wa pombe kali ya bei rahisi, ikampita mdadisi wa wiski bila kumgusa hata kwa ncha ya vazi. Marufuku yetu ya viroba nayo vivyo hivyo. Mkono wa serikali haumfikii mtu huyu kwa bei wala kwa ukubwa wa chupa. Anayeweza kumfikia ni muuguzi anayempima shinikizo la damu, tabibu anayemwandikia dawa na mfamasia anayemkabidhi. Wakinyamaza hao, hakuna mwingine.

Je, tumwambie nini? Hapa wenzangu hugawanyika. Wako wanaoshikilia tamko la Shirika la Afya Duniani la Januari 2023, kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kwa afya, na kwa hiyo ushauri ni mmoja tu: acha. Tamko ni sahihi, hasa kwa upande wa saratani, ambako hakuna kizingiti kilichopatikana ambacho chini yake hatari hutoweka. Nami sipendi mhudumu anayemfariji mgonjwa kwa hadithi ya glasi moja inayolinda moyo. Tafiti zilizotoa hadithi hiyo zimetiliwa shaka kubwa, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba kundi la "wasiokunywa" lilijaa watu walioacha kwa ajili ya maradhi. Asiyekunywa asishawishiwe kuanza, na wanaojizuia kwa imani yao wana ulinzi ambao hakuna dawa inayoweza kuuandika.

Lakini kati ya kusema ukweli na kumfukuza mtu kuna nafasi pana. Mdadisi wa wiski akisikia "acha" bila maelezo, atatikisa kichwa kwa adabu, na kliniki ijayo atajibu "kidogo tu" kama zamani. Akionyeshwa gramu zake, atashtuka mwenyewe, kwa kuwa ni mtu aliyezoea kusoma lebo. Anajua pipa, anajua mwaka, anajua kiwanda kipo upande gani wa kisiwa. Namba pekee asiyoipigia hesabu ni ile ya asilimia, na ndiyo tunayoihitaji.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu ambao hauhitaji bajeti. Mwambie mgonjwa apige picha ya chupa anayoinywa sasa na aje na glasi yake, au achague iliyo karibu nayo kati ya zilizopo jikoni kwenu. Mpe jagi la maji, umwambie, "Mzee, jimiminie kama unavyofanya jioni." Usimwekee mstari wala kumtazama kwa macho ya hakimu. Kisha vuta maji hayo kwa bomba la sindano la mililita 20, ukihesabu kwa sauti pamoja naye. Zidisha mililita kwa asilimia ya kileo, gawanya kwa 100, zidisha kwa 0.8, hizo ni gramu. Zidisha kwa glasi za jioni, kisha kwa siku za wiki. Hufanywa kwa dakika 4, na sijapata kuona bango la ukutani linalofanya kazi kama bomba la sindano linalojazwa mara ya tatu, ya nne.

Baada ya hapo ndipo jalada la dawa lifunguliwe upya. Mwenye shinikizo la damu ambalo halishuki licha ya vidonge vitatu huenda hana haja ya kidonge cha nne kabla ya kupunguza chupa. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio aambiwe kwamba pombe huyachochea. Anayetumia insulini au glibenklamidi yuko katika hatari ya sukari kushuka usiku, saa kadhaa baada ya glasi ya mwisho, na mkewe atadhani amelala usingizi wa wiski. Aliye kwenye dawa za kifua kikuu anaubebesha ini mzigo juu ya mzigo. Anayemeza diazepamu, fenobarbitoni au tramado anachanganya vitu viwili ambavyo vyote hupunguza nguvu ya kupumua. Mjamzito hana kiasi kinachojulikana kuwa salama. Kwake hakuna hesabu ya gramu ya kufanya, na hilo aambiwe kwa upole lakini bila kupepesa.

Kwa anayetaka kuendelea na udadisi wake baada ya kuyajua hayo, mafundi wenyewe wa Uskoti wanamsaidia kuliko anavyodhani. Wale wanaochagua mapipa viwandani hufanya kazi kubwa kwa pua. Huipunguza wiski kwa maji hadi asilimia 20 hivi, huinusa, na aghalabu hawaimezi. Mwaka 2017 wanakemia wawili wa Sweden walionyesha kwa mahesabu ya kompyuta kwamba maji yakiongezwa, guayakoli, ile yenye harufu ya moshi, husogea kuelekea juu ya kimiminika, mahali pua inapoipata. Basi mililita 20 ndani ya glasi ndogo iliyobanwa mdomo, pamoja na maji kidogo, humpa mdadisi karibu yote ambayo wiski inaweza kumfundisha jioni hiyo. Maji hayapunguzi gramu za kilichomiminwa, hilo likumbukwe. Yanapunguza tu ukali unaopita kooni. Kinachopunguza gramu ni kumimina kidogo, na kuwa na siku ambazo chupa haifunguliwi kabisa. Marafiki watatu wakinunua chupa moja kwa pamoja, wataonja mengi kwa mwaka na kunywa machache.

Chupa za bandia ni mada inayojitegemea, ila jambo moja lisingoje toleo lijalo. Wiski ghali inayouzwa kwa nusu ya bei huenda haikuwahi kuiona Uskoti, na kilichomo huenda ni methanoli. Mgonjwa anayelalamika kwamba anaona ukungu au theluji machoni saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, akipumua kwa haraka na kutapika, asirudishwe nyumbani kwa jina la uchovu wa pombe. Apelekwe panapoweza kusafishwa damu, bila kusubiri asubuhi.

Na kwa wale ambao bomba la sindano litaonyesha kwamba hunywa kwa wingi kila siku, tena tangu zamani, tahadhari ni ya upande wa pili: wasiambiwe waache ghafla usiku uleule. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa kushtukiza huweza kutetemeka, kutoka jasho, kupata degedege ndani ya saa 48 za mwanzo, kisha kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Waulizwe kama mikono hutetemeka asubuhi kabla ya glasi ya kwanza, na kama wamewahi kuanguka degedege walipojaribu kuacha. Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, mzee huyo mwenye manukato alazwe kama ambavyo yule fundi mwashi angelazwa, apewe thiamini kabla ya maji ya glukosi, na uachaji wake usimamiwe wodini.